Mfuko Nilioufua Mara Tatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa la usafi. Nilianika udongo wa shamba la mama juu ya mfuko mtupu wa mbolea, kwa sababu nyumbani kwetu hapakuwa na kitu kisafi kuliko mfuko ule. Niliufua mara tatu kwa sabuni ya mche. Nguo zetu zilifuliwa mara moja, mfuko ukafuliwa mara tatu. Natamani ningeweza kuandika kwamba nilikuwa na haraka, au kwamba kuna mtu alinidanganya. Hapana. Nilikuwa makini, na umakini wangu ndio uliotuletea njaa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuliishi Kabungu, mama na mimi, kwenye shamba ambalo baba alilifyeka kabla sijazaliwa. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikutokea kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na tangu siku ile nikawa mtu wa kusahihisha. Nikifunga mlango nilirudi kuujaribu. Mstari wa mahindi ukipinda niling'oa na kupanda upya, hata kama mbegu zilishaanza kutoa mizizi. Mama alikuwa akiniita baba, kwa kuwa nilirithi jina la babu mzaa mama, na mara nyingi alisimama pembeni na jembe lake akanitazama.

"Baba," alisema, "mahindi hayasomi rula."

Misimu mitatu mfululizo mahindi yalikuwa yakipungua. Mama alisema shamba limechoka. Ndivyo watu wa kwetu wanavyosema, kana kwamba shamba ni punda. Likichoka unaliacha, unafyeka msitu mahali pengine, unachoma, unapanda kwenye majivu, na baada ya miaka michache nalo linachoka. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa ameshahama hivyo mara tatu. Wakati huo alikuwa upande wa Sitalike na alitaka mama amfuate.

"Hapa unalima mifupa, dada," alimwambia. "Kule udongo mweusi tii. Ukisahau jembe shambani, asubuhi unalikuta limeota."

Mama alicheka lakini hakumjibu. Hakutaka kuhama. Kisima cha pale walikichimba yeye na baba, na mikono yake haikuwa tena ya kushika shoka na kuanza msitu upya. Hayo hakuyasema. Niliyajua kwa jinsi alivyokuwa akiinuka na kwenda kuangalia kitu jikoni kila mjomba alipotaja Sitalike. Kwa hiyo siku moja, mbele ya mjomba, nikasema kabla hatujaliacha shamba tulipime kwanza.

"Tulipime urefu?" mjomba akauliza.

"Tupime udongo wake."

Mjomba alimtazama mama, mama akanitazama mimi, na tangu dakika ile lile halikuwa wazo tu. Lilikuwa ahadi yangu.

Wazo lenyewe nililipata kwenye kijitabu. Sokoni Mpanda kulikuwa na mama muuza karanga aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Nilisoma karatasi niliyofungiwa zangu, nikarudi kumwomba aniuzie kilichobaki. Jalada lilikuwa limekwenda, na kurasa za mwisho pia, lakini katikati ilibaki sura nzima ya kupima rutuba. Niliisoma mpaka nikaikariri. Nilikuwa nikipalilia huku nasema naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kwa sauti, na nikikosea silabi naanza upya.

Kijitabu kilisema: pita shambani kwa zigizaga, chimba kina cha shubiri moja, changanya udongo kwenye ndoo safi, ukaushe kivulini juu ya kitu safi, upeleke maabara. Kitu safi. Maneno hayo mawili yamenikaa kichwani kuliko sala yoyote niliyofundishwa.

Nilifunga kamba ya katani kwenye vijiti, pembe hadi pembe. Nilitengeneza rula ya mwanzi, nikaichonga alama kwa kisu, ili kila shimo liwe na kina kilekile. Baada ya kila shimo nilifuta jembe kwa kitambaa. Mama alipita na mzigo wa kuni, akasimama.

"Mbona unachimba hapo? Hapo ni Kichuguuni."

"Kamba imepita hapa, mama."

"Haya," alisema, akaendelea na kuni zake.

Haya ya mama ina maana nyingi. Siku ile sikuitafutia hata moja.

Ilikuwa kiangazi, lakini chini kidogo udongo ulikuwa bado na ubaridi wa unyevu, na kijitabu kilisisitiza ukauke. Nikautafuta mfuko. Ulikuwa wa mbolea ya kupandia, jirani alikuwa ameutupa baada ya kuumaliza. Niliupasua kwenye mshono, nikaufua kwenye karai, nikamwaga maji kwenye kona ya shamba iliyo karibu na jiko. Nikaufua tena, nikamwaga palepale. Nikaufua mara ya tatu. Ulipokauka ulikuwa mweupe kama kanzu ya sikukuu. Nikauweka kivulini, nikautandaza udongo wa mama juu yake, nikakaa kando siku mbili kufukuza kuku.

Bwana shamba wa kata yetu aliishi Nsemulwa na alikuja Kabungu kwa pikipiki, mara moja moja. Alichukua kifurushi changu, akasoma lebo niliyoiandika kwa penseli na kuirudia kwa sababu herufi moja haikukaa sawa, akasema, "Kijana, wewe ungekuwa karani." Kifurushi kilikwenda na treni hadi maabara ya udongo Tabora.

Majibu yalirudi kabla ya mvua, karatasi moja. Niliyasoma mbele ya mama nikiwa nimesimama, kama mtu anayesoma barua kanisani. Naitrojeni, ya kutosha. Fosforasi, nyingi. Uchachu wa udongo, wa wastani. Ushauri: panda mahindi, mbolea haihitajiki msimu huu.

Mama alikuwa na mfuko mzima wa mbolea ndani. Miaka ile mbolea ilikuwa imeacha kuja kwa bei nafuu ya serikali, na ule mfuko aliununua kwa kuuza karanga zake zote za mwaka.

"Una uhakika?" aliniuliza.

"Mama, imepimwa."

Akafurahi, na furaha ile ndiyo inayonichoma hadi leo, kwa sababu aliniamini wazi kabisa. Mjomba alipokuja walibadilishana: yeye akafunga mfuko wa mbolea kwenye baiskeli, mama akabaki na mabati manne, maana paa la jiko lilikuwa linavuja. Msimu ule tulikuwa na jiko zuri lisilovuja, na hatukuwa na cha kupika.

Mahindi yaliota vizuri, yakafika magotini, yakasimama. Majani yakaanza kuwa ya njano kuanzia kwenye ncha. Mengine yakapata rangi ya zambarau pembeni kama kidole kilichobanwa na mlango. Upande wa juu wa shamba kiduha kikatokea na maua yake mazuri, magugu yanayonyonya mahindi kwenye mizizi, na mama akaking'oa. Mimi kila siku nilipima mabua kwa rula yangu ya mwanzi na kuandika. Sikujua kingine cha kufanya. Niliandika kwa usahihi mkubwa jinsi shamba lilivyokuwa linakufa.

Kisha nikaona ile kona. Karibu na jiko, mahindi kama kumi hivi yalikuwa ya kijani kizito, karibu meusi, mabua yake manene kama mkono wangu. Nilifikiri ni majivu ya jiko. Lakini majivu mama aliyamwaga upande wa pili. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka ni nini kilichomwagwa kwenye kona ile, na nilipokumbuka nikakaa chini kati ya mahindi.

Nilikwenda kuutafuta mfuko. Ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya dari, mweupe vilevile. Nikaloweka ule mshono wenye nyuzi nene, nikaulamba. Ulikuwa mchungu na una chumvi. Kwetu mbolea ya dukani tunaiita mbolea ya chumvichumvi. Nilikuwa nimelitamka neno hilo maisha yangu yote bila kulionja.

Ninakiri kwamba nilinyamaza juma zima. Nilimwangalia mama akiyapalilia mahindi ambayo hayangezaa, nikanyamaza. Nilikuwa najipangia maneno. Nilitaka kukiri kwa usahihi, na kila asubuhi niliona sentensi moja haijakaa vizuri. Mwishowe alikuwa anapeta maharage uani, nikasimama mbele yake na maneno yote yakanipotea.

"Mama, udongo uliopimwa haukuwa wa shamba letu."

Ungo ukasimama. "Ulikuwa wa nani?"

"Wa mfuko."

Nikamweleza mfuko, mshono, maji, ile kona ya jiko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani watu wa Tabora wametupimia mfuko."

"Ndiyo, mama."

"Na mfuko ukaonekana una rutuba."

"Ndiyo."

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, nami nikaanza kutabasamu kwa uoga. Kisha kicheko kikaisha, na uso wake ukabaki mtupu.

"Na mbolea yangu iko Sitalike," alisema, "inaotesha mahindi ya mdogo wangu." Akarudi kupeta maharage. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mwaka ule tulilima vibarua kwenye mashamba ya watu ili tupate unga. Mama, mtu wa miaka hamsini, aliinama kwenye mistari ya wengine kwa sababu ya karatasi niliyoisoma nikiwa nimesimama. Nilijaribu kumaliza mistari yake pamoja na yangu. Aliniambia niache, kwamba watu wangefikiri ni mgonjwa na wasingemwita tena.

Mjomba alikuja baada ya mavuno, ambayo kwetu hayakuwa mavuno. Alianza kuita akiwa bado barabarani.

"Daktari wa udongo! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mwache mtoto," mama alisema.

"Simgusi. Nimekuja kumsalimia daktari." Akaketi, akanywa maji, akaacha mzaha. "Dada, nimekuachia kipande kizuri, kando ya changu. Mwezi wa tisa nachoma. Kama unakuja, niambie kabla sijawasha moto, maana peke yako hutaweza."

"Nitakuambia," mama alisema.

Lilikuwa jibu jipya. Miaka yote alikuwa akiinuka kwenda jikoni. Nikajua kwamba nisipofanya kitu, mwezi wa tisa mama atafunga vyombo vyake, na kitakachomhamisha si shamba kuchoka. Ni mimi.

Kesho yake nilipanda baiskeli hadi Nsemulwa. Bwana shamba alikuwa nje ya nyumba yake anarekebisha pikipiki. Nilimweleza yote bila kuketi.

"Mbona hukuniambia uliukausha kwenye nini?"

"Hukuniuliza."

Akapangusa mikono kwa kitambaa cheusi cha oili, polepole. "Kweli, sikuuliza. Niliona lebo yako nzuri nikajua huyu hakosei." Kisha akanieleza kitu ambacho kurasa zangu hazikuwa nacho. Udongo unaopimwa ni kidogo sana, ngumi moja tu, na ngumi hiyo inasimama badala ya shamba zima. Punje moja ya mbolea ikiingia humo ni kama kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha chai. "Na mfuko wa mbolea hata uufue mwezi mzima, nyuzi zake zimeshakunywa."

"Nilikuwa mzembe," nikasema.

"Hapana. Mzembe angeuanika chini tu, kwenye uwanja uliofagiwa, na ingekuwa nafuu." Alicheka, akaona sicheki, akaacha. "Chukua tena. Lakini safari hii usifuate kamba. Mwulize mama yako."

"Nimwulize nini? Hajasoma haya."

"Mwulize shamba lake lina majina mangapi."

Sikuelewa, na nilirudi Kabungu nikiwa nimeudhika kidogo, naona aibu kuandika hivyo. Mimi nilikuwa na sura nzima ya kitabu kichwani. Lakini nilimwomba mama tutembee shambani, nikamwuliza kama nilivyoagizwa.

Alinionyesha kwa kidevu. Upande wa juu, penye kiduha, ni Mchangani. Katikati, palipokuwa na kichuguu kikubwa ambacho baba alikibomoa na kukisambaza, ni Kichuguuni. Chini, panaposimama maji wakati wa masika, ni Mbugani. Majina hayo niliyasikia tangu utotoni. Nilitumwa kuleta jembe lililosahaulika Mchangani, nilichapwa kwa kuchezea tope Mbugani. Haikunijia hata siku moja kwamba yalikuwa yanasema kitu kuhusu udongo.

"Sasa wewe," mama alisema, "ulichukua uji, ugali na mchuzi, ukakoroga kwenye bakuli moja, halafu ukamtuma mtu Tabora akaonje kama kuna chumvi."

Kwa hiyo nilikuwa nimekosea mara mbili, na kosa la pili lisingeonekana kamwe kama la kwanza lisingetunyima mavuno.

Tulianza upya. Safari hii tulikuwa wawili, na ndoo tatu, mbili za kuazima. Mama ndiye aliyesema chimba hapa, hapo acha, hapo palichomwa mabua, hapo mbuzi walikuwa wanalala. Mimi nilichimba kwa kina cha rula yangu. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Sehemu ya kuanika ilinisumbua sana. Chini kulikuwa na majivu, ungo ulikuwa na vumbi la unga, magazeti yalikuwa na wino. Mama aliingia ndani akatoka na sinia la wageni, lile lenye maua, ambalo lilitoka sandukuni siku za harusi na misiba tu, na sahani mbili za seti ileile.

"Mama, hilo ni la wageni."

"Nani amekuja mwaka huu?" akasema.

Jirani yetu wa upande wa mbuga alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Alikuwa amejifanya mtani wetu tangu wiki ya kwanza. Ng'ombe wake walipita wakitimua vumbi, nikakimbia na kanga ya mama kulifunika sinia. Alisimama na fimbo yake mabegani.

"Nkoi," alisema, kwani aliniita rafiki kwa lugha yake, "unaufunika udongo usipate baridi?"

"Usipate vumbi la ng'ombe wako."

"Mayu!" akamwita mama. "Mtoto wako anafukuza samadi mlangoni, halafu anaitafuta mbolea kwenye treni!"

"Mwache, ana kazi," mama akamjibu.

"Nami nina kazi. Nimejaza zizi la samadi mpaka ng'ombe wamekuwa warefu." Akaenda zake akicheka. Nilikasirika, kisha usiku sikuwa na hasira tena, nikakiandika kile alichokisema.

Vifurushi vitatu viliondoka. Nikawa naenda Nsemulwa kila baada ya siku chache. Niliambiwa treni imechelewa, treni imefika lakini bila kitu, maabara wana kazi nyingi. Mwezi wa tisa ulifika, na mjomba alifika nao. Mama alimwambia, "Subiri treni."

"Msitu unasubiri treni siku hizi?"

"Siku mbili tu, mdogo wangu."

Alikaa siku mbili akila unga wetu wa vibarua na kuniuliza kila asubuhi mgonjwa ameamkaje. Siku ya pili mchana nilirudi kutoka Nsemulwa na karatasi tatu ndani ya shati. Nilikuwa nimezisoma barabarani, nikaziamini, nikashuka kwenye baiskeli nikazisoma tena, nikaacha kuziamini. Nilipofika sikusimama. Niliketi chini pamoja nao.

"Hii ni ya Mchangani," nikasema. "Fosforasi haba. Uchachu, mkali."

"Uchachu?" mjomba akasema. "Kwani udongo ni mtindi?"

"Wanasema una tindikali nyingi. Mahindi hayawezi kula hata ukiyawekea chakula. Wanashauri mihogo. Na wanasema mbolea ya SA isiwekwe hapo tena, inauzidisha."

Mama akauliza, "SA ni ipi?"

"Ile nyeupe kama sukari."

Ile nyeupe kama sukari ndiyo mama aliyokuwa akinunua miaka yote kabla ya ule mfuko wa karanga. Na kila mwaka sehemu kubwa aliimwaga Mchangani, kwa kuwa ndipo palipoonekana pana njaa zaidi.

"Kwa hiyo nilikuwa namnywesha ndimu mtu mwenye vidonda vya tumbo," alisema.

"Hukujua, mama."

"Endelea."

Kichuguuni palikuwa pazuri, panafaa mahindi, waliomba samadi na mbolea kidogo tu ya kukuzia. Mbugani palifaa mpunga. Nilipomaliza, mama alichukua zile karatasi, ingawa hasomi, akazipanga mapajani kama shamba lilivyo, ya juu, ya kati, ya chini.

"Hayo ya mihogo na mpunga ningekuambia bila treni," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa na kamba." Kisha akaigusa ile karatasi ya juu. "Lakini hili la ndimu sikulijua. Hili nisingelijua hata ningelima miaka mingine ishirini. Ningezidi kumwaga."

Akamgeukia mjomba. "Nenda ukachome. Mimi nabaki."

"Kwa sababu ya karatasi, dada? Mwaka jana si karatasi hiyohiyo?"

"Mwaka jana walipima mfuko. Hili ni shamba langu, nimeona mwenyewe likichimbwa." Alisema bila kupandisha sauti. "Halijachoka. Nimelikosea chakula."

"Nyie wawili," mjomba alisema, "mtakufa njaa mkiwa na majibu." Lakini kabla ya kuondoka alinivuta pembeni. Nilifikiri anataka kunigomba. "Daktari," akasema, safari hii polepole, "na kule kwangu kukianza kuchoka, unaweza kuja na hizo ndoo?"

Tulifanya kama tulivyosema. Nilikwenda kwa jirani Msukuma, nikamwomba samadi, nikasubiri anicheke, akanicheka, kisha akaileta kwa mkokoteni wa ng'ombe mara nne. Alichotaka ni ng'ombe wake waingie kula mabua baada ya mavuno. Samadi yote ikaenda Kichuguuni. Mchangani tulipanda pingili za mihogo. Ilikuwa vigumu kwa mama kuona mahali alipozoea kupanda mahindi pakikaa na vijiti tu, na mara mbili nilimkuta amesimama pale na mbegu za mahindi kwenye kanga. Mara ya pili alinikabidhi zile mbegu mwenyewe, nikazirudishe ndani kabla hajabadili mawazo.

Sitasema ulikuwa muujiza. Mahindi yalipandwa eneo dogo kuliko zamani, yakakaa ya kijani hadi kwenye mbelewele, yakatulisha karibu mwaka mzima. Mpunga ulikuwa mdogo kwa sababu nilichelewa kuupanda nikisawazisha majaruba. Mihogo haikuliwa mwaka ule, mihogo ina mwendo wake. Lakini mama hakwenda kulima vibarua. Msimu mzima nilikuwa nahesabu siku ambazo hakwenda, na mavuno yalipofika nikaacha kuhesabu.

Miaka minne imepita. Mama bado yuko Kabungu. Mchangani pana mihogo, na ile nyeupe kama sukari haijaingia tena pale. Watu wa kata yetu, na mjomba pia, huniita niwachukulie udongo wa kupeleka Tabora. Bado nafunga mlango na kurudi kuujaribu. Kamba ninayo, lakini kabla ya kuifungua namwuliza mwenye shamba anaziitaje sehemu za shamba lake, naandika majina hayo kwenye lebo, na udongo nauanika kwenye sinia la wageni.